Bwana Cameron, Baharia Aliyevuka Bara

Verney Lovett Cameron alizaliwa Uingereza mwaka 1844. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliingia katika manowari za Kiingereza, na baadaye akawa ofisa. Alipata kutumikia katika merikebu zilizovinjari pwani ya Afrika Mashariki, kuyazuia majahazi yaliyochukua watumwa.

Mwaka 1873 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimtuma kwenda bara kumsaidia Daktari Livingstone. Akaondoka Bagamoyo na wenzake. Mmoja wao, Robert Moffat, akafa kwa homa njiani. Walipokuwa Unyanyembe, wakiugua, mwezi wa Oktoba akafika Chuma, akawaambia kwamba Livingstone amekufa, na watumishi wake wanaichukua maiti yake mpaka pwani. Cameron aliiogopa hatari ya njia, akawashauri wamzike pale pale. Wao wakakataa, na maiti wakaifikisha salama.

Basi kazi aliyotumwa ilikuwa imekwisha, lakini Cameron hakurudi. Alikwenda Ujiji, akazipata karatasi za Livingstone, kisha akapima pwani za kusini za ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Mwezi wa Agosti 1874 akafika Nyangwe, penye mto Lualaba. Livingstone alitumaini kwamba mto huo ni Nili. Je, mtu atajuaje asipoufuata mpaka mwisho wake?

Cameron alichemsha maji. Pwani, maji safi huchemka joto lifikapo digrii 100. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo yachemkavyo kwa joto pungufu. Hivyo kipimo cha joto humwonyesha msafiri kimo cha mahali alipo. Cameron akaona kwamba Lualaba pale Nyangwe ni chini kuliko Nili pale Gondokoro. Na maji hayapandi mlima! Basi mto huo hauwezi kuwa Nili. Akasema ni Kongo.

Alitaka kuufuata, lakini alinyimwa mitumbwi, kama Livingstone alivyonyimwa mwaka 1871. Akashika njia ya kusini-magharibi pamoja na wapagazi wake, wakapata njaa na taabu nyingi, hata Novemba 1875 wakaiona bahari ya Atlantiki karibu na Benguela. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka mashariki hata magharibi.

Mwaka 1877 Stanley, aliyeufuata mto ule, akafika baharini kwenye mlango wa Kongo. Cameron, aliyekufa mwaka 1894, hakuuona mwendo wake wote. Lakini alipima kwa uangalifu, na neno lake likawa kweli.