Mvua za kwanza Uvira: tazama mlimani

Mvua ya kwanza ya Septemba ikituliza vumbi la Uvira, watu hushukuru, na wana haki. Lakini usalama wa mji huu haupimwi kwa mawingu yaliyo juu ya soko. Unapimwa huko Mitumba, milima iliyosimama mgongoni mwetu.

Ziwa Tanganyika, ambalo mji uko ufukoni mwake, liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima nyuma ya mji inapita mita 2,000, na ni kilomita chache tu kutoka huko hadi ufukoni. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira haipati bonde pana la kupunguza mwendo kabla ya kuingia mitaani. Hewa yenye unyevu wa ziwa ikifika kwenye milima hulazimika kupanda, hupoa, kisha hugeuka mvua. Kwa hiyo huko juu mvua inaweza kumwagika huku mtaani Kalundu nguo zikikauka kambani. Mvua ya milimita 50 kwenye kilomita moja ya mraba ni tani 50,000 za maji.

Tangu Juni majani yamekauka, mengine yamechomwa moto. Udongo wa juu umekuwa mgumu, maji hayazami. Yanakimbilia makorongoni yakibeba majivu, matope na mawe. Kasi ndiyo yenye kuua: ikiongezeka mara mbili, maji yanaweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64 ya lile la awali. Yale mawe makubwa ya mviringo yaliyotapakaa Mulongwe, ambayo wakati wa kiangazi watoto huyachezea, yaliletwa na mto wenyewe.

Kupita salama mvua za kwanza si kumaliza hatari. Kufikia Aprili udongo umeshiba, chembe zake hazishikani tena, na mteremko mzima unaweza kushuka. Katikati ya Aprili 2020 Mulongwe ilivamia mji: makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Waliojenga kando ya mto hawakuwa wajinga. Wengi hawakuwa na kiwanja kingine, na mpango wa mji usiowapa pengine pa kwenda bado unawaweka hatarini.

Ukisikia mawe yakigongana mtoni, au maji yakabadilika ghafla kuwa matope, ondoka. Mto ukipungua ghafla mvua ikiendelea, usifurahi: huenda maporomoko yameuziba juu, na kizibo hicho kinaweza kupasuka. Usikimbie kufuata mkondo. Panda pembeni, mbali na korongo. Usivuke pia: maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Siku zinazofuata, hofu ni kipindupindu, ambacho Uvira inakifahamu kwa miaka mingi. Mafuriko husomba vyoo na kuvunja mabomba, watu wakarudi kuchota ziwani. Chemsha maji ya kunywa au yatie klorini. Anayeharisha maji maji aanze kunywa maji ya chumvi na sukari, ya kutengeneza nyumbani au ya pakiti ya dawa, akiwa njiani kwenda kituo cha afya, asisubiri kupambazuke.