Rwenzori: ziwa ambalo ukitaka kushuka, sharti upande kwanza

Mtu wa Sanga, kama mtu yeyote wa Kamina, anaishi kwenye uwanda ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mapafu yake yamezoea hewa hiyo. Basi anayeweka pesa kidogo kidogo ili siku moja aione milima ya Rwenzori, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa Haut-Lomami, asipige hesabu ya nauli peke yake. Kuna siku moja katika safari hiyo inayohitaji hesabu yake.

Rwenzori ni milima yetu pia. Kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda, na upande wetu umo ndani ya Mbuga ya Virunga. Njia ya zamani ya Kongo huanzia Mutwanga, katika wilaya ya Beni, na kupanda hadi kwenye maziwa ambayo Wabelgiji waliyaita Lac Noir na Lac Vert. Lakini Mutwanga na vijiji vya jirani vimeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Mtu wa matembezi hana la kutafuta huko kwa sasa. Kwa hiyo Mkongomani anayetaka kuyaona maziwa ya juu huvuka mpaka na kuanzia Nyakalengija, karibu na Kasese, kama mgeni kwenye mlima ambao sehemu yake ni ya kwao.

Kutoka Nyakalengija, mita 1,615, njia hulala Nyabitaba, kisha John Matte, kisha Bujuku. Siku ya nne, asiyekwenda kileleni huvuka Scott Elliot Pass, mita 4,372, na kushuka kati ya Mlima Stanley na Mlima Baker hadi maziwa mawili ya Kitandara, mita 4,023. Maji yake ni ya kijani iliyokolea, na kibanda cha kulala kipo ukingoni kabisa. Wengi husema ndipo mahali pazuri kuliko pote katika mzunguko huo, nami sina sababu ya kuwapinga.

Tatizo ni kwamba Kitandara ni kama sufuria. Maji yake hayatiririki kwenda Uganda. Hushuka magharibi kwa mto Butawu, huingia Kongo na kuishia Semliki. Hakuna njia ya watalii inayoyafuata. Ukitoka Kitandara kwenye mzunguko huu una njia mbili: kurudi juu Scott Elliot, au kupanda Freshfield Pass, mita 4,282, pengo lililo kati ya Mlima Baker na Mlima Luigi di Savoia. Zote mbili ni kupanda.

Sasa fikiria ugonjwa wa mwinuko. Kwenye mita 4,000, kila pumzi inaleta oksijeni kama asilimia 60 hivi ya ile ya pwani. Kichwa kinauma, chakula kinakataa, usingizi hauji. Hayo huwapata wengi, na mara nyingi hupungua kwa kupumzika. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, dawa ya kwanza ni kumshusha, usiku huohuo ikibidi. Na hapo Kitandara, kumshusha maana yake ni kumpandisha kwanza mita 259, gizani, kwenye mawe yenye utelezi.

Ndiyo maana uamuzi wa siku ya Freshfield haufanywi Kitandara. Unafanywa Bujuku, jioni ya siku ya tatu, ambako mgonjwa bado anaweza kuteremka moja kwa moja hadi John Matte. Kila mtu aulizwe na kiongozi, tena peke yake, si mbele ya wenzake. Vijana wakiwa kundi hakuna anayekubali kuwa kichwa kinamuuma. Aliyetapika mchana huo asivuke Scott Elliot. Makundi mengi hulipuuza hili kwa sababu ya pesa: mtu amelipia siku saba, anaona kurudi siku ya nne ni hasara. Basi neno hilo lisemwe kabla hata ya kulipa, huku nyumbani, ili kila mmoja ajue kwamba fedha yake inaweza kuishia Bujuku.

Siku yenyewe, ondokeni mapema, saa moja asubuhi mkiwa mmeshakula. Asubuhi ndiyo yenye nafasi ya anga safi. Baadaye ukungu hufunga na mvua huanza, hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi, yaani Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Mkwea unaanzia karibu na kibanda na ni mkali tangu hatua za kwanza. Mita 259 si nyingi kwa kuhesabu. Lakini ni siku ya tano, miguu ina tope la siku nne, na kila hatua thelathini mtu anasimama.

Wengi wakifika Freshfield hudhani kazi imekwisha. Bado mita 777 za kushuka hadi Guy Yeoman, kupitia mabwawa ya tope na miamba ya Kabamba, na magoti huumia zaidi hapo kuliko kwenye mkwea. Mabuti ya mpira ndiyo viatu vya kule, si mapambo ya duka. Soksi kavu na sweta moja vifungwe kwenye plastiki, visiguswe hadi kibandani, maana baridi ya mtu aliyelowa huua hata asiyeumwa mwinuko.

Wapagazi ni Bakonzo, ndugu wa lugha moja na Wanande wa Beni na Butembo. Mnande aliye katika kundi atazungumza nao bila mkalimani. Wao wameshapita hapo mara nyingi; wakisema Freshfield leo hakupitiki, mnabaki Kitandara.

Anga ikiwa safi, pale kwenye pengo ukigeuka magharibi unaiona misitu ya Kongo chini kabisa, upande ule ambao Butawu inashukia. Piga picha, kunywa maji, halafu fuata wapagazi. Kabla ya saa nne ni vizuri muwe mmeanza kuteremka.