Mwani: Chakula Kipya cha Nani?

Katika vitu ambavyo sisi watu wa pwani huviona kila siku tusivifikirie, kimoja ni mwani. Twaukuta ufuoni umetupwa na mawimbi, twauruka, twenda zetu. Lakini katika miaka hii mwani umekuwa bidhaa ya kutungiwa sheria katika miji ya mbali, na umepewa jina jipya: "chakula kipya". Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, wakubwa kwa vijana, maana ya jina hilo, na kwa nini lamkhusu mama anayelima mwani Paje kama linavyomkhusu mnunuzi wa Paris.

Kwanza ifahamike kuwa jina hili halina maana ya kwamba chakula chenyewe kimezuka jana. Watu wa Japani, Korea na China wamekula mwani kwa karne nyingi. Na kandokando ya Ziwa Chad wanakaa ndugu zetu Wakanembu, ambao wanawake wao huchota utando wa kijani unaoelea juu ya vidimbwi vya maji ya magadi, wakauchuja mchangani, wakauanika juani mpaka ukawa vipande vikavu viitwavyo dihe. Vipande hivyo hutiwa katika mchuzi na kuliwa. Wataalamu wa Ulaya waliandika khabari za dihe mwaka 1940, wakaurejea tena katika miaka ya 1960, na leo utando wa jamii hiyo wauzwa duniani kote kwa jina la spirulina. Wafanya biashara huuhesabu pamoja na mwani, ijapokuwa wataalamu huuweka katika ukoo wa bakteria. Basi kilicho kipya dukani Ulaya ni cha kale jikoni kwa Mkanembu.

Jina "chakula kipya" ni jina la sheria. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba chakula chochote ambacho hakikuliwa kwa kiasi kikubwa katika nchi zao kabla ya tarehe 15 Mei 1997 ni kipya, na hakiruhusiwi kuuzwa mpaka kipimwe na kuandikwa katika daftari la vyakula vilivyokubaliwa. Sheria inayotumika sasa ilipitishwa mwaka 2015, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2018. Wala mwani hautazamwi kwa jina moja kama tunavyouita sisi. Kila aina huhesabiwa peke yake kwa jina lake la kitaalamu. Hii yapita, na jirani yake yazuiwa. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya iliongeza katika orodha aina zaidi ya 20 zilizothibitika kuwa zililiwa huko tangu kabla ya 1997, na kwa hivyo hazihitaji ruhusa hiyo.

Kwa vyakula vya jadi vya nchi za nje kuna mlango mwingine ulio mfupi zaidi. Mwenye chakula hutakiwa alete ushahidi kwamba watu wengi katika nchi moja isiyo ya Ulaya wamekila kwa desturi muda usiopungua miaka 25, wala hakikuwadhuru. Akileta ushahidi huo, mamlaka hupewa miezi 4 kutoa pingamizi. Tuushike moyoni mlango huu, maana tutaurudia.

Sasa tutazame kwetu. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zake mbili ni spinosamu na kotonii, na wakulima walio wengi ni wanawake. Siku za bamvua, maji yakipwa, huingia baharini, wakafunga mbegu katika kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Ukikomaa huuvuna, huubeba, huuanika, ndipo huuza kwa kilo. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, nayo ndiyo iliyokufa kwa wingi kwa sababu ya kuzidi kwa joto la maji.

Mwani huo mkavu husafirishwa nje, na huko hutolewa ute uitwao karajinani, ambao katika vyakula vya viwandani huandikwa E407. Hutiwa katika aiskrimu, maziwa ya makopo, hata dawa ya meno. Jambo hili lazikhusu nyumba za Kiislamu khasa, kwani karajinani, na nduguye agari iandikwayo E406, huweza kugandisha chakula mahali pa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Hata hivyo mnunuzi asiridhike kwa kuona neno moja la halali. Asome maandishi yote ya kopo.

Wapo wasemao kwamba vipimo hivi vyote ni hila ya matajiri ya kuwafungia masikini soko. Hatukatai kwamba gharama ya maabara ni nzito, na ya kwamba kampuni kubwa huimudu na kikundi cha akina mama kumi hakiimudu. Lakini yatupasa tuseme haki: mwani hufyonza yaliyomo majini, mema na mabaya. Hijiki, aina iliywayo Japani, ilionekana kuwa na aseniki ya kudhuru. Kanada iliwaonya watu wake mwaka 2001, na Uingereza mwaka 2004. Kadhalika mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mama mja mzito 250. Kilo moja ya kombu kavu yaweza kupita miligramu 2,000. Kwa hesabu hiyo gramu moja tu humpa mtu mikrogramu 2,000, mara 13 ya haja yake. Madini haya yakipungua huleta rovu, nayo yakizidi huiharibu tezi ile ile ya shingo. Huko Australia, mwaka 2009, maziwa ya soya yaliyotiwa kombu yaliondolewa madukani baada ya watu kuugua. Ufaransa, iliyotangulia Ulaya kuweka kanuni za mwani wa kuliwa mwaka 1990, iliweka mipaka ya madini joto, aseniki, risasi, zebaki na kadimiamu. Sumu haiulizi mlaji ni tajiri au masikini.

Basi turudi kwenye ule mlango wa miaka 25. Tangu 1989 miaka hiyo imekwisha pita, lakini sheria haiulizi mwani umelimwa muda gani. Yauliza umeliwa muda gani. Nasi mwani tuliupanda ili kuuza, hatukuupanda ili kula. Hivi sasa vikundi vya akina mama Unguja hutengeneza unga wa mwani, jemu na vinywaji, na ni vyema. Lakini chakula kinacholiwa pasipo kuandikwa kitakuwa kigeni hata kwa mjukuu wetu, sembuse kwa hakimu wa mbali.

Kwa hivyo twatoa nasaha tatu. Anayetengeneza aandike juu ya chupa aina ya mwani, pwani ulikovunwa na tarehe yake, na apeleke bidhaa yake kwa wakaguzi wa serikali kabla ya kuifikisha sokoni. Mwenye nyumba anunue mwani wa kuliwa kwa mtu anayejulikana, aule kwa kiasi, na mja mzito au mwenye maradhi ya tezi amwulize daktari kwanza. Na vijana wetu wasome kemia na elimu ya bahari, wapate kuupima mwani wa mama zao katika maabara za hapa hapa.

Mizani ya kilo ameishika mnunuzi kwa miaka mingi, naye ndiye aliyepanga bei. Mizani ya maabara ikishikwa na watoto wetu, mama wa Paje ataweza kuuza chakula chenye jina na sifa yake, kwa bei ya chakula. Na hapo ndipo tutakapoweza kumjibu anayeuliza ni chakula kipya cha nani. Wabillahi taufiki.