Kichwa Kinawasha: Tuoshe Nywele Mara Ngapi?

Jumamosi jioni, katika nyumba nyingi za kwetu, mama anakaa kwenye kiti kidogo, binti anakaa chini kati ya magoti yake, na nywele zinasukwa kwa ajili ya ibada ya kesho. Ni saa nzuri ya mazungumzo. Ni saa hiyo pia ambapo mama anaona mambo: unga mweupe katikati ya nywele, kidonda kidogo, au mahali ambapo nywele zimekatika. Binti anasema, "Mama, kichwa kinaniwasha." Na mara nyingi jibu la kwanza ni lile lile: "Ni kwa sababu hauogi vizuri."

Jibu hilo limeumiza watoto wengi, na watu wazima pia. Katika kanisa moja la kwetu, mama mmoja alimwosha mtoto wake kichwa kila asubuhi kwa sabuni ya kufulia, majuma matatu mfululizo. Alipoona majirani wanamwangalia mtoto, aliongeza sabuni. Kwenye Ekodim mtoto aliketishwa peke yake nyuma. Ngozi ya kichwa ilikauka, ikapasuka, na muwasho haukuisha. Mwishowe walifika kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliangalia kichwa kwa dakika chache tu, akasema: "Mama, mtoto huyu si mchafu. Ana ugonjwa ambao maji na sabuni haviwezi kuuondoa." Akamwandikia dawa ya kumeza. Mama yule alilia njiani, si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu ya maneno aliyomwambia mtoto wake majuma yote yale.

Wapendwa, ndiyo sababu swali la mara ngapi tuoshe nywele lina swali lingine mbele yake: kichwa kinawasha kwa nini? Tukijua sababu, tutajua kama tuoshe zaidi, tuoshe kidogo, au tutafute dawa.

Ikiwa hakuna ugonjwa

Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwa watu wenye nywele laini na zilizonyooka, mafuta hayo hushuka haraka kwenye nywele, ndiyo maana wengi wao huosha kila siku au kila siku mbili. Nywele zetu zimejikunja sana. Mafuta hayashuki kwa urahisi. Hubaki juu ya ngozi, na nywele zenyewe hubaki kavu. Tukiziosha kila siku zinakauka zaidi na kukatika. Tukikaa miezi miwili bila kuziosha, mafuta, jasho, vumbi na pomadi hujikusanya juu ya ngozi, na muwasho unaanza.

Kwa hiyo madaktari wa ngozi wanashauri watu wenye nywele za aina yetu waoshe mara moja kwa juma, au mara moja kwa majuma mawili. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Mtu anayefanya kazi ya jasho, kama wale wanaolima, wanaobeba mizigo au wanaoendesha pikipiki wakiwa na kofia ngumu siku nzima, anaweza kuosha mara mbili kwa juma. Mwenye nywele fupi sana anaweza kuosha kichwa mara nyingi zaidi bila hasara, mradi sabuni isiwe kali.

Ikiwa ni mba

Sababu ya kawaida sana ya muwasho kwa watu wazima ni mba, ambayo wengi wetu huita kwa Kifaransa pelikili: vipande vidogo vyeupe vinavyoanguka mabegani. Juu ya ngozi ya kila mtu kunaishi kuvu mdogo sana ambaye hula mafuta ya ngozi. Kwa watu wengi hana shida. Kwa wengine ngozi hukasirika kwa sababu yake, hujibandua haraka na kuwasha. Huo si uchafu, na mtu hauambukizwi kwa kukaa karibu na mwenzake. Uchovu na mahangaiko huuongeza, na katika miaka hii ya vita na kukimbia watu wengi wa kwetu wameona hivyo.

Hapa wengi wetu tunakosea kwa njia moja. Tunaona vipande vyeupe, tunasema ngozi imekauka, kisha tunapaka mafuta mengi. Lakini kuvu yule hula mafuta. Tunamletea chakula. Unga mweupe unafichwa siku mbili, kisha unarudi na nguvu.

Mwenye mba anapaswa kuosha angalau mara moja kila juma, asingoje majuma mawili. Shampuu ya kawaida inatosha kwa wengi ambao shida yao ni ndogo. Ikiwa haitoshi, tafuta kwenye duka la dawa shampuu ya mba, kwa mfano ile yenye ketokonazoli, seleni sulfidi au zinki. Ya ketokonazoli hutumiwa kwa kawaida mara mbili kwa juma, kwa majuma mawili hadi manne. Nywele zikiwa kavu sana, mara moja kwa juma inaweza kutosha. Baadaye, mara moja kila juma au kila majuma mawili ili mba isirudi. Iache juu ya ngozi dakika tano kabla ya kuiondoa. Wengi huiosha mara moja, halafu wanasema dawa haifanyi kazi, haikupewa muda. Paka dawa kwenye ngozi, si kwenye urefu wa nywele. Ukitaka mafuta baadaye, yaweke kwenye nywele, usiyasugue kwenye ngozi.

Nywele zikiwa zimesukwa

"Nimelipa pesa ya kusuka, nitaoshaje?" Swali hili ni la haki. Lakini ngozi iliyo chini ya meshi inaendelea kutoa mafuta na jasho kama kawaida. Unaweza kuiosha bila kufumua. Changanya shampuu kidogo na maji ndani ya chupa, mimina kwenye mistari ya ngozi, sugua polepole kwa ncha za vidole, kisha mimina maji safi mpaka povu liishe. Fanya hivyo kila majuma mawili, au kila juma ikiwa kichwa kinawasha. Baadaye kaa juani au penye hewa mpaka nywele zikauke mpaka ndani, ndipo ufunge kitambaa. Kichwa chenye unyevu kikifungwa usiku kucha, kuvu hufurahi.

Kumbuka pia kwamba meshi mpya zenyewe huwasha baadhi ya watu. Kuziloweka kwenye maji na kuzisuuza kabla ya kusuka husaidia. Na msuko ukiuma, au ukileta vipele vidogo kwenye paji la uso, haukuwa mzuri hata kama unapendeza. Umekazwa mno. Ukiendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, nywele za mbele zinaweza kutoka zisirudi tena. Wafumue, upumzishe kichwa.

Maji yakiwa machache

Tunajua kwamba si kila nyumba ina bomba. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na katika mitaa mingi maji hubebwa kwa bidoni ya lita 20. Katika kambi za waliokimbia, bidoni moja ina kazi nyingi: kunywa, kupika, kunawa mikono. Hizo zitangulie. Hata hivyo kichwa hakihitaji bidoni nzima. Gawanya nywele sehemu nne. Lowesha sehemu moja kwa kikombe, weka sabuni kidogo iliyochanganywa na maji, sugua ngozi, kisha nenda kwenye sehemu nyingine. Maji mengi uyaweke kwa ajili ya kusuuza, maana sabuni inayobaki juu ya ngozi nayo huwasha. Ni afadhali kuosha mara moja kwa majuma mawili na kusuuza vizuri, kuliko kuosha kila siku tatu na kuacha sabuni kichwani.

Ikiwa shampuu haipatikani, tumia sabuni ya kuogea isiyo kali. Sabuni ya kufulia, hasa ile ya unga, ilitengenezwa kwa ajili ya nguo. Huondoa mafuta yote ya ngozi na kuiacha imepasuka.

Wakati kuosha hakutoshi

Kuna magonjwa ambayo unaweza kuosha kila siku yasipone.

La kwanza ni mapunye, lile la mtoto tuliyemtaja mwanzoni. Hupata watoto wa shule hasa. Utaona mabaka ya mviringo ambapo nywele zimekatika, pengine na magamba ya kijivu au vitone vyeusi, na pengine matezi nyuma ya shingo. Huyu ni kuvu mwingine, na huyu anaambukiza kupitia vichanuo, kofia, mito na mashine za kunyolea. Anaingia ndani ya mzizi wa nywele, mahali ambapo sabuni na pomadi hazifiki. Kwa hiyo mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma mengi, mara nyingi sita hadi nane. Usiache dawa kwa sababu muwasho umepungua. Shampuu ya ketokonazoli husaidia kupunguza kuambukiza wengine, lakini peke yake haiponyi. Wakague pia watoto wengine wa nyumba. Ikiwa kichwa kimevimba, kinatoa usaha na kuuma, nenda haraka, maana kovu linaweza kuzuia nywele kuota tena.

La pili ni chawa. Angalia nyuma ya masikio na kwenye shingo: mayai meupe yameshikamana na nywele, hayaanguki ukiyapuliza kama mba inavyoanguka. Kuosha tu hakuwaui. Nywele zinyolewe, au zichanwe zikiwa na maji kwa kichanuo chenye meno ya karibu sana, au itumiwe dawa ya chawa, kisha irudiwe baada ya siku saba hadi kumi kwa sababu ya mayai yaliyobaki. Usipake kamwe petroli ya taa wala dawa ya kuua wadudu wa shambani. Watoto wameungua na wengine wamekufa kwa njia hizo.

La tatu ni dawa za nywele zenyewe. Ikiwa muwasho ulianza baada ya kupaka rangi nyeusi au dawa ya kulainisha nywele, suuza kwa maji mengi na usirudie dawa hiyo. Na yeyote ambaye kichwa kinamwasha asipake dawa ya kulainisha. Pale alipojikuna pana michubuko midogo, na dawa itachoma hapo.

Nenda kwenye kituo cha afya ikiwa umeosha vizuri kwa mwezi mmoja na muwasho haujapungua. Ikiwa kuna usaha, homa au uvimbe. Ikiwa nywele zinatoka kwa mabaka. Au ikiwa magamba ni manene sana na yako pia kwenye viwiko na magoti. Mba yenye nguvu nyingi, inayoenea usoni na kifuani, nayo ionyeshwe kwa daktari. Wakati mwingine ni ishara kwamba kinga ya mwili imepungua, na daktari anaweza kushauri kipimo cha virusi vya UKIMWI. Watu wengi wenye mba hawana virusi hivyo, kwa hiyo tusimhukumu mtu kwa kumwangalia kichwa. Lakini anayejua hali yake mapema hupata dawa mapema.

Neno kwa wazazi na walimu wa Ekodim

Mtoto anayejikuna kichwa wakati wa somo hahitaji kuketishwa nyuma. Anahitaji mtu mzima atakayemwita pembeni kwa upole, aangalie, kisha azungumze na mzazi bila watu kusikia. Hata mwenye mapunye anaweza kurudi kati ya wenzake akiisha kuanza dawa. Kinachotakiwa ni kila mtoto awe na kichanuo chake na kofia yake. Na vinyozi walio kati yetu wasafishe mashine na kuzitia dawa baada ya kila kichwa.

Mama yule alipofika nyumbani alimketisha mtoto wake karibu naye, akamwambia: "Nisamehe mwanangu, haukuwa mchafu." Alimpa dawa kila siku baada ya chakula, na akaacha sabuni ya kufulia kwa ajili ya nguo. Sasa Jumamosi jioni anaposuka, binti akisema kichwa kinawasha, anauliza kwanza: "Kinawasha wapi? Tangu lini? Ngoja nione."