Mashine Haiondoi Kituo: Funzo Kutoka Tabora



Siku hizi shughuli nyingi za vyama zaingizwa katika kompyuta na simu: majina ya wanachama, uzito wa mazao, mikopo na malipo. Wengi hudhani kuwa yatosha kununua mashine. Sivyo. Linalobadilika zaidi ni ujuzi unaotakiwa kwa wale wanaoendesha kazi.

Tabora yatufaa kuwa mfano, nako si kugeni kwetu. Wanyamwezi wengi walikuja kufanya kazi katika mashamba yetu ya karafuu, na mizigo ya misafara yao ilipimwa kwa frasila, kipimo kile kile cha karafuu. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70.

Mwezi wa Novemba 1870, barua za Dr. Livingstone zilitoka Unguja kwenda Ujiji. Mzigo ukalala Bagamoyo miezi kama mitatu kabla ya kuanza safari. Ulipofika Kwihara, karibu na Tabora, ukakwama tena kwa vita vya Mirambo vya mwaka 1871. Stanley aliukuta huko, akauchukua, na Livingstone akapata barua zake baada ya kiasi cha mwaka mzima. Basi tazameni: muda mwingi haukuliwa na mwendo wa miguu, uliliwa na vituo.

Sasa tumtazame mkulima wa tumbaku wa Tabora leo. Huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, hukausha majani na kuyafunga marobota. Mteuzi huyapa daraja, mizani hutoa uzito, deni hukatwa, na salio huenda benki. Kumbukumbu za vyama nazo zinaingia katika mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, uitwao MUVU. Hata mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/2023, mkulima wa Bara huipata kwa namba ya usajili wake.

Mashine huharakisha mwendo, lakini kituo hubaki pale pale. Ikiwa malipo yangoja sahihi ya mtu mmoja aliyesafiri, kompyuta itayafikisha mapema mezani pake, nayo yatalala hapo. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ni kuijua njia nzima: nani hupokea, nani hukabidhi, na kazi hukwama wapi. Hayo yaandikwe kwenye karatasi na kurekebishwa kabla ya kuingizwa katika mashine.

Pili ni usahihi wa mwanzo. Tuseme karani ameandika kilo 68 mahali pa 86. Zamani kosa lilikaa daftarini, likangoja kusahihishwa. Leo hukimbia papo hapo hadi kwenye makato na benki, na mkulima hupunjwa kilo 18 kabla hajatoka mlangoni.

Tatu ni kuhoji hesabu. Karani wa zamani alisifiwa kwa mwandiko na kujumlisha. Sasa mashine hujumlisha yenyewe. Anatakiwa mtu wa kuuliza: mbona malipo ya kituo hiki yachelewa kuliko kile?

Nne ni ulinzi. Apimaye asiwe ndiye aidhinishaye malipo, wala namba ya siri isiazimwe, hata kwa ndugu.

Tano ni juu yetu wanachama. Asiyesoma ujumbe wa malipo katika simu yake hana wa kumsomea haki yake. Isome pale pale mizanini, uilinganishe na uzito ulioushuhudia.

Msimu ujao wa karafuu, kila tawi na liandike hatua zake zote, tangu pishi ya mchumaji hadi fedha mkononi, na kuonyesha kila mahali kazi inapolala. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari limehamia katika kioo cha simu, bali methali ingali ile ile.