Adabu ya Masikio

Aghalabu wanaoandika habari za Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililochipuka Rwanda na Uganda kabla ya Vita Kuu ya Pili, likaenea hata Kenya na Tanganyika, husimulia habari za wale waliosimama kadamnasi wakayataja maovu yao kwa vinywa vyao wenyewe. Ama wale walioketi wakiwasikiliza, hao hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba kazi yao ilikuwa kujaza mabenchi. Mimi naona kazi yao ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, na kwamba nguvu ya mikutano ile, pamoja na maradhi yake, ilitokana na adabu ya masikio kuliko ushujaa wa ndimi.

Asili ya mambo husemwa kuwa ni Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, alipokutana Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, aliyekuwa amechoshwa na kazi na njaa kuu iliyoikumba nchi ile, na Simeoni Nsibambi, Mganda mcha Mungu. Wawili hao walikaa wakaisoma Biblia pamoja, wakaombeana. Jambo hilo leo halimshangazi mtu. Lakini katika zama zile, ambapo desturi ilikuwa Mzungu anene na Mwafrika asikilize, kukaa kwao sawasawa, kila mmoja akimhitaji mwenzake, kulikuwa kumeipindua desturi. Haikupita miaka mingi, na Gahini ikawa mahali ambapo wamisionari wenyewe waliungama, mbele ya Waafrika waliofanya kazi chini yao, dhambi ambayo serikali ya wakati ule haikuihesabu kuwa kosa, yaani kiburi cha rangi.

Mkutano wenyewe hauna makuu. Watu huketi, husomwa aya chache, kisha husimama mmoja, akasema “Bwana asifiwe,” akalitaja jambo lake waziwazi: si kwamba yeye ni mwenye dhambi kama wanadamu wote, maneno yasiyomgharimu mtu kitu, bali kwamba aliiba fedha za mwajiri wake, au kwamba ana kinyongo na ndugu aliyeketi pale mstari wa pili. Hapo ndipo wasikilizaji hutahiniwa. Hawamhoji, hawampi nasaha, wala hawamwambii kwamba jambo lake ni dogo. Huuinua wimbo wa “Tukutendereza Yesu,” ule wa Kiganda unaoimbwa hata na Mhaya na Mkikuyu wasiojua Kiganda, naye huketi akiwa amekwisha kupokewa. Na akirefusha mno maneno, akaanza kuionea fahari toba yake, wimbo uo huo huweza kuinuliwa mapema ili umnyamazishe bila ya kumvunjia heshima. Ustaarabu huo naupenda kuliko kengele ya mwenyekiti yeyote. Kisha husimama mwingine, na mara nyingi kilichomwinua ni kile alichokisikia, kwani kusikiliza katika mkutano wa namna ile si kuipima dhamiri ya mwenzio, bali ni kuikagua yako kwa msaada wa maneno yake. Wengi walitoka hapo wakaenda kurudisha mali za wizi na kulipa madeni ambayo wenyewe walikwisha kuyasahau.

Walakini nuru ya uwazi huo, ambayo ndugu wa Uamsho wenyewe husema wanatembea ndani yake, ilikuwa ikigeuzwa mara kwa mara ikamulikwa usoni mwa jirani. Anyamazaye akashukiwa kuwa anaficha jambo. Mwanamume aliyeungama zinaa hadharani akawa ameianika na siri ya mwanamke ambaye hakuwapo, wala hakuombwa ruhusa. Mwaka 1941, katika chuo cha teolojia cha Mukono, wanafunzi 26, mhubiri wa Uamsho William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha ibada zao za alfajiri na kuwakemea wenzao na walimu. Na ukiyatazama mambo yale kwa insafu utaona kwamba kila upande ulikuwa na neno la kweli ambalo upande wa pili haukuwa na subira ya kulisikia. Miaka ya 1970 ikaja na mfarakano mwingine Uganda, walipotokea Bazukufu, waliodai kwamba ndugu zao wamesinzia, wakayafanya mambo kama kukopa kuwa mizani ya wokovu wa mtu.

Kwa hiyo simsadiki asemaye kwamba uwazi peke yake hujenga jamaa ya waumini. Lakini palipokuwa na masikio yaliyofunzwa, uwazi huo ulistahimili mitihani mikubwa mno. Ilipotangazwa hali ya hatari Kenya, Oktoba 1952, Wakikuyu wa Uamsho walijikuta kati ya mioto miwili. Walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliouasi utawala wa kikoloni, na baadhi yao wakauawa kwa sababu hiyo. Hata hivyo serikali ilipotaka wachukue silaha wajilinde, wengi wao walizikataa vilevile, wakisema kwamba hawawezi kumpiga risasi mtu ambaye bado wanamngoja aje atubu.