Kwa nini seva yako ya nyumbani haifikiki kutoka nje

Umechukua kompyuta ya zamani, umeweka Linux, na tovuti yako inafunguka vizuri kabisa kwenye simu ukiwa sebuleni. Unamtumia rafiki linki. Anajibu: "Mbona haifunguki?" Kabla hujaanza kuifumua seva yako, angalia kwanza anwani. Mara nyingi tatizo liko huko, na unaweza kulithibitisha kwa dakika mbili.

Fikiria shule yenye wanafunzi mia saba na S.L.P. moja tu. Ukituma barua, karani anaandika daftarini kwamba barua hii imetoka kwa fulani wa Kidato cha Tatu B. Jibu likirudi, anafungua daftari, anakuita. Sasa ije barua ambayo hakuna aliyekuwa anaisubiri, na kwenye bahasha kuna namba ya sanduku tu, jina hakuna. Karani hana pa kuipeleka. Inaishia kapuni.

Ruta yako hufanya kazi hiyohiyo, na jina la utaratibu huo ni NAT. Simu, runinga na kompyuta za nyumbani zina anwani za ndani, kama 192.168.1.20, ambazo mtu wa nje hawezi kuzitumia. Zikitoka, zote zinatoka kwa anwani moja. Ndiyo maana kuangalia video hakuna shida, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza mazungumzo. Rafiki yako akibisha hodi kwenye seva, hakuna kilichoandikwa daftarini.

Dawa ya kawaida ni kumpa karani maagizo ya kudumu: chochote kinachokuja kwenye poti 443, mpelekee kompyuta ile. Mpangilio huo upo karibu kwenye kila ruta. Ila unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba sanduku liwe kweli la shule yako.

Hapo ndipo wengi tunakwama. Kampuni nyingi za intaneti, hasa za simu na hata baadhi ya zinazoleta faiba mpaka mlangoni, zinaweka karani wa pili kwao. Yaani shule haina sanduku, inatumia la ofisi ya wilaya pamoja na shule nyingine kibao. Huu unaitwa CGNAT. Mwagize karani wako utakavyo. Yule wa wilaya hakujui.

Si uchoyo tu wa kampuni. Anwani za IPv4 zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi bilioni 4.3 hivi, na nyingine zimetengwa kwa kazi maalumu. Mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa kwa kanda tano za dunia Februari 2011. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na tangu Januari 2020 imekuwa kwenye hatua ya mwisho ya mgawo, ambapo ombi moja halipati zaidi ya anwani 1,024. Kampuni yenye wateja laki moja itafanyaje? Kila anwani ina namba za poti 65,536. Tuseme kila mteja apewe 1,000: anwani moja inatosha watu sitini na kitu. (Ndiyo pia sababu mojawapo ya tovuti kukuuliza kila mara kama wewe ni roboti. Huenda mmoja wa hao sitini ana tabia mbaya.)

Sasa jipime. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utafute anwani iliyoandikwa WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako, ulinganishe. Zikifanana, anwani ni yako, ingawa inaweza kubadilika. Hilo linatibiwa na huduma ya DNS inayojisasisha yenyewe. Zikitofautiana, uko nyuma ya karani wa pili. Ukiona WAN inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike tena. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya CGNAT hasa.

Kinachofuata ni kuuliza kampuni yako. Usiseme "nataka intaneti nzuri", sema "nataka IP ya umma", na uulize kama ni ya kudumu, ada yake kwa mwezi, na kama mkataba wa nyumbani unaruhusu seva. Wengine huitoa kwa wateja wa biashara tu.

Wakikataa, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha ile ya nyumbani ijiunge nayo kwa WireGuard. Ujanja ni kwamba ya nyumbani ndiyo inayoanza mazungumzo, kwa hiyo daftari linabaki na jina lake. Wageni wanapita kwa ile ya kukodi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa mwanafunzi, maana ukihama chumba anwani haihami. Kama watumiaji ni wewe na wenzako wawili tu, Tailscale inatosha.

IPv6, yenye anwani 340 zikifuatiwa na sifuri 36, ingemaliza uhaba kabisa. Kampuni yako ikiwa nayo, itumie, lakini ruta nyingi bado huzuia wageni mpaka uziruhusu, na rafiki mwenye IPv4 pekee hatakufikia moja kwa moja.

Siku utakayopata anwani ya umma, jua kwamba hujafichika tena. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayoweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za umma za IPv4 kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja tu. Kwa hiyo fungua poti unayoihitaji pekee, na kwenye SSH zima kuingia kwa nenosiri, utumie ufunguo. Fanya hivyo kabla ya kuelekeza poti, sio kesho yake.